Ukingo wa Picha: Historia ya Kazi ya Kumhamisha Mtu Kutoka Mandhari Yake

Katika miaka ya 1850 wapiga picha wa Ulaya, ambao vioo vyao vilipakwa kolodiani na kutiwa chumvi za fedha, walikuwa na taabu moja isiyomwacha hata mmoja wao: dawa ile iliuona mwanga wa buluu upesi mno, na mwanga wa kijani na mwekundu kwa shida, hata kabla miti na mashamba hayajapata nafasi ya kuchorwa katika kioo, mbingu ilikuwa imekwisha kupata mwanga kupita kiasi, na picha ilipochapwa katika karatasi ilionyesha nchi nzuri iliyofunikwa na weupe mtupu, usio na wingu wala dalili ya hewa. Hapo ndipo ilipoanza kushika mizizi kazi ninayotaka kuisimulia, kazi ya kukiondoa kilicho nyuma ya kitu na kuweka kingine mahali pake pasipo jicho la mtazamaji kupaona palipoungwa; na tangu siku zile hata leo, ingawa vyombo vimebadilika mara nyingi, ugumu wake umekaa pale pale, katika ukingo mwembamba ambapo mtu anakoma na dunia inaanza.

Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika baadhi ya picha zake mashuhuri za bahari za miaka ya 1856 na 1857, alitumia negativu mbili, moja iliyopigwa kwa ajili ya maji na nyingine kwa ajili ya mawingu, akazichapa katika karatasi moja, hii baada ya ile, akiikinga sehemu ya juu alipochapa ya chini, na ya chini alipochapa ya juu. Watazamaji walistaajabu, na kustaajabu kwao kulikuwa kwa haki. Hata hivyo Le Gray alijichagulia adui mpole, kwa sababu upeo wa bahari ni mstari ulionyooka, hauna nywele wala majani, na fundi mwenye mkono uliotulia aweza kuufuata kwa karatasi nyeusi iliyokatwa vizuri. Aliyetaka kuweka mawingu nyuma ya mti wenye matawi membamba alikabiliwa na jambo jingine kabisa, maana kila tawi lilikuwa mpaka, na kila jani mpaka ndani ya mpaka. Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Uingereza, alitoa mwaka 1857 picha moja kubwa iliyoundwa kwa negativu zaidi ya 30, ambayo Malkia Victoria alinunua nakala yake. Na mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatoa picha ya msichana aliye katika maradhi ya mauti, iliyotokana na negativu 5. Mabwana hawa hawakuushinda ukingo. Waliukwepa kwa busara, wakitafuta mahali ambapo maumbile yenyewe yameweka mstari, kama vile pindo la nguo au mwisho wa kivuli, wakaunga hapo.

Studio za pwani yetu zilikwenda njia nyingine. Tangu zama za A. C. Gomes huko Unguja mwishoni mwa karne ya 19 hata zama za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, yeyote aliyetaka kuonekana katika bustani au katika jumba la nguzo aliweza kusimamishwa mbele ya pazia lililochorwa. Nazitazama picha za namna hiyo kwa heshima kubwa, kwa sababu zina sifa ambayo mitambo ya baadaye iliitafuta kwa gharama isiyosemeka: ushungi mwepesi wa bibi aliyeketi umelipitisha pazia ndani yake kwa kadiri ile ile ya wepesi wake, na nyuzi za mwisho za nywele za mtoto zimepotea katika mawingu ya rangi taratibu, bila ukali wowote. Bustani ilikuwa ya uongo, lakini ukingo ulikuwa wa kweli, kwa kuwa mwanga wenyewe ndio uliouchora, mara moja, katika lenzi moja.

Palikuwa pia na kazi ya brashi. Fundi aliyeletewa negativu ya mashine au ya bwana fulani, akatakiwa kuondoa kila kilicho nyuma yake, aliiweka juu ya kioo chenye taa chini yake, akachovya brashi nyembamba katika rangi nzito nyekundu, akaizungushia sura ile pole pole. Wekundu ule haukuwa pambo: karatasi za kuchapia za wakati ule hazikuuona mwanga mwekundu, kwa hiyo popote rangi ilipokaa karatasi haikupata kitu, ikabaki nyeupe. Kwa gurudumu la chuma kazi ile ilifaa sana. Kwa kichwa cha mwanadamu ilikuwa dhuluma, kwani brashi haiwezi kupita kati ya unywele na unywele, na fundi hakuwa na hiari ila kuchagua: ama auache weupe wa ukuta wa zamani ukining'inia kichwani mwa mtu, ama azikate nywele zake zote zilizotoka nje ya mstari. Magazeti ya zamani yamejaa waheshimiwa walionyolewa kwa namna hii na watu ambao hawakukutana nao kamwe.

Filamu ilipokuja, taabu ile ilizidishwa mara nyingi, kwa maana picha iliyotulia yaweza kushughulikiwa na fundi mmoja juma zima, ilhali dakika moja ya filamu yenye sauti ina picha 1,440, na katika kila moja yao mtu amesogea kidogo. Georges Méliès, aliyejenga studio yake huko Montreuil karibu na Paris mwaka 1897, alipata msaada wa kwanza katika weusi. Kitambaa cheusi hakirudishi mwanga. Sehemu ya filamu isiyopata mwanga hubaki kama haijatumika, tayari kupokea picha ya pili filamu ikirudishwa nyuma na kupitishwa tena mbele ya lenzi. Na kwa hila hiyo, mwaka 1901, alijionyesha akikijaza hewa kichwa chake mwenyewe kwa mvukuto hata kikapasuka. Frank Williams wa Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1918, aliichukua hila ile akaifanya kanuni. Alimpiga mchezaji picha mbele ya weusi, akainakili filamu ile mara kwa mara katika filamu nyingine zenye ukali mkubwa wa nuru na giza, mpaka mchezaji akawa umbo moja lisilo na uso, jeusi tii juu ya filamu iliyo wazi. Umbo hilo, ambalo nitaliita barakoa, lilikwenda pamoja naye picha kwa picha na kumwekea nafasi yake katika mandhari mpya.

Ni katika barakoa hizo ndipo ubaya wa ukingo ulipojulikana kwa ukamilifu wake. Barakoa ikinenepa kwa unene wa unywele, mchezaji huzungukwa na mstari mweusi. Ikikonda kwa kiasi hicho hicho, mandhari humla mabegani. Na kivuli kilichoanguka katika shavu lake kikiwa kizito, mashine ya kunakili filamu hukidhania kuwa ni ule weusi wa nyuma, ikatoboa tundu usoni. Katika filamu ya The Invisible Man ya mwaka 1933, ambamo mtu asiyeonekana hutembea amevaa nguo tupu, John P. Fulton alimvika mchezaji mahameli nyeusi mwili mzima na kumweka mbele ya mahameli nyeusi, kisha akavalisha nguo za kuonekana juu ya weusi ule. Na baada ya kazi yote ya mitambo mafundi wake walilazimika kukaa na brashi na kurekebisha picha moja baada ya nyingine kwa mkono. Mtazamaji aliona ajabu ya dakika chache. Aliyeketi mezani aliona nyuzi za mikono ya shati, maelfu kwa maelfu.

Rangi ilifungua mlango mpya. C. Dodge Dunning alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1920, kwamba mwanga wa buluu wa nyuma na mwanga wa manjano wa mbele vyaweza kutenganishwa ndani ya kamera yenyewe, lakini njia yake ilifaa filamu nyeusi na nyeupe peke yake. Kamera ya Technicolor iliyofuata ilipitisha filamu tatu kwa wakati mmoja, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na Lawrence Butler akaona kwamba kwa kuilinganisha ile ya buluu na nyingine angeweza kuipata barakoa bila kutegemea giza. Alichagua buluu kwa sababu ngozi ya mwanadamu, iwe ya Mwafrika, ya Mwarabu au ya Mzungu, ina buluu kidogo kuliko wekundu. Filamu yake ya mwaka 1940, The Thief of Bagdad, yatoka katika bahari ile ile ya hadithi ambayo wasomaji wetu waliogelea utotoni kwa jina la Alfu Lela Ulela: kijana mwizi amfungua jini kutoka chupa ufukweni, na jini, aliyechezwa na Rex Ingram, Mmarekani mweusi, ainuka mrefu kama mnara juu ya mchanga. Kazi ilianzwa Uingereza, vita vikailazimisha ikamalizwe Marekani, na tuzo ya Oscar ya mbinu maalumu ikaja kwa mafundi wake. Na bado, mwenye kutazama kwa makini leo ataona uzi wa buluu ukimzunguka jini katika mipaka yake, ushahidi wa pazia ambalo halikukubali kuondoka lote.

Uzi ule wa buluu ndio ulioishughulisha akili ya Petro Vlahos, mhandisi aliyezaliwa New Mexico mwaka 1916, ambaye kwa maoni yangu anastahili kutajwa kabla ya wengine wote katika habari hii. Studio za filamu zilimpa kazi ya kutafuta kwa nini nywele, moshi, glasi na mwendo wa haraka vilishindikana, na jibu alilolipata, lililotumika katika Ben-Hur ya mwaka 1959, lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza. Aligundua kwamba, katika vitu vingi vya dunia, buluu haizidi kijani kwa kiasi kikubwa, ila katika pazia la buluu lenyewe. Basi kijani kikitolewa katika buluu, palipo na mchezaji hubaki karibu sifuri, palipo na pazia hubaki kiasi kikubwa, na palipo na unywele mmoja mbele ya pazia, au moshi, au ukingo wa bilauri, hubaki kiasi cha katikati, kinacholingana na sehemu ya pazia iliyopenya. Barakoa haikuwa tena ndiyo au siyo. Kisha, ili kuufuta ule uzi wa buluu, aliamuru kwamba popote buluu inapokizidi kijani, buluu ipunguzwe hata ilingane nacho. Na rangi ya pazia iliyokuwa imerukia mabega na nywele ikatoweka. Gharama yake ilikuwa kwamba mchezaji hakuruhusiwa kuvaa nguo ya buluu iliyokolea, na hiyo ilikuwa bei ndogo.

Njia ya pili aliyoikamilisha kwa ajili ya studio ya Disney, iliyokuwa imetangulia kutumika Uingereza, ilikuwa ya taa za sodiamu, ambazo hutoa manjano ya namna moja tu, karibu na nanomita 589. Mchezaji aliangazwa kwa taa za kawaida na pazia likaangazwa kwa sodiamu. Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, prizimu iliyopakwa dawa kwa ustadi ilichagua manjano ile nyembamba na kuipeleka katika filamu moja, na mwanga uliobaki katika filamu ya pili. Barakoa na picha ya rangi zikazaliwa pamoja, kwa dakika ile ile na jicho lile lile. Yeyote aliyeiona Mary Poppins ya mwaka 1964 aitazame tena kofia ya bibi yule yenye shela laini usoni, amchunguze akitembea katika bustani iliyochorwa kwa mkono, naye ataona bustani ndani ya matundu ya shela. Vlahos, Wadsworth Pohl na Ub Iwerks walipewa tuzo ya Oscar kwa ufundi huo. Lakini prizimu ilikuwa ngumu kutengeneza na kamera zake hazikuwa nyingi, kwa hiyo njia iliyo bora kwa ukingo ikaachwa, na njia iliyo rahisi kwa mfuko ikabaki. Jambo hilo kwangu ni la kusikitisha kila ninapolikumbuka.

Televisheni nayo iliitumia njia ya pazia la buluu, kwa umeme, upesi na kwa ukali zaidi, na baadaye buluu ikampisha kijani, kwa kuwa kamera za kidijitali, kufuatana na mpango wa Bryce Bayer wa Kodak, zina vihisi viwili vya kijani kwa kila kimoja cha buluu na kimoja cha wekundu, na kwa hiyo huona kijani kwa usafi zaidi.

Mapinduzi ya kweli yalifanyika kimya, mwaka 1977 au karibu na hapo, katika Chuo cha New York Institute of Technology, ambako Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliamua kwamba kila pikseli, juu ya tarakimu zake tatu za wekundu, kijani na buluu, ichukue tarakimu ya nne, yaani alfa, inayosema ni sehemu gani ya pikseli hiyo iliyofunikwa na kitu. Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm waliandika mwaka 1984 kanuni za kuziunganisha picha za namna hiyo, wakashauri rangi izidishwe mapema kwa sehemu yake kabla ya kuhifadhiwa, ili hesabu za baadaye ziwe sahihi na chache. Wanne hao nao walitunukiwa na akademia ya Oscar, katika miaka ya 1990, na sidhani kwamba tuzo ilipata kutolewa kwa tarakimu iliyo ndogo kuliko ile.

Msomaji na asogee karibu aitazame pikseli moja. Mtu mwenye nywele nyeusi amesimama mbele ya ukuta mweupe. Tuseme, katika mizani ya 0 hadi 255, ukuta ni 250 na unywele ni 30, na unywele umeifunika nusu ya pikseli iliyo katika ukingo wa kichwa. Kamera haijui nusu. Huchanganya, ikaandika 140. Sasa fundi amkate mtu huyu na kumweka mbele ya usiku wenye kiasi cha 40, akiichukua pikseli ile kama ilivyo: 140 yake itang'aa katika giza, na pikseli zenzake zikifanya vivyo hivyo kichwa kizima kitavikwa taji la kijivu. Akiitupa pikseli ile, unywele umekatwa. Akiitia ukungu, kichwa kinakuwa cha pamba. Njia ya haki ni moja: kuutambua unywele kuwa 30 na sehemu yake kuwa nusu, kuutoa ukuta wa 250 ambao hauna haki tena ya kuwapo, kisha kuchanganya nusu ya 30 na nusu ya 40, ikapatikana 35. Tofauti ya 140 na 35 ndiyo tofauti ya kazi mbovu na kazi safi, na wengi wanaosema kuwa wanazihifadhi pikseli za ukingo huzihifadhi pamoja na ukuta wa zamani ndani yake, wasijue kuwa kilichopasa kuhifadhiwa ni nywele.

Ugumu ni kwamba tarakimu 140 haisemi ilivyopatikana. Yaweza kuwa nusu ya 30 na nusu ya 250, na yaweza pia kuwa kitu cha kijivu kilichoijaza pikseli yote. Smith na Jim Blinn walithibitisha mwaka 1996 kwamba mbele ya pazia la rangi moja swali hili halina jibu moja, ila majibu yasiyo na idadi, isipokuwa pakiwa na masharti ya ziada, na kwamba mtu asiyetikisika akipigwa picha mbele ya mapazia mawili yenye rangi mbalimbali, jibu hupatikana kamili. Kwa picha ya kawaida, iliyopigwa mtaani bila pazia, Yung-Yu Chuang na wenzake walionyesha mwaka 2001 namna ya kukadiria: mtumiaji achore palipo mtu kwa yakini, na palipo nyuma kwa yakini, aache katikati utepe wa shaka, na mashine itafute ndani ya utepe ule, kwa kutazama rangi za majirani, mchanganyiko ulio karibu zaidi na ukweli. Baada yao zikaja mashine zinazojifunza kwa mifano, ambazo leo humtoa mtu katika mandhari yake kwa mguso mmoja wa kidole. Nyingi kati ya hizo hulipata bega vizuri na kuzikosa nywele, na zile za haraka, kama zilizoenea katika mikutano ya video ya mwaka 2020, hulikata sikio likaja, likaenda.

Habari hii imefika kwetu kwa mlango wa kila siku. Hapana mji wa Tanzania au Kenya usio na kibanda cha picha za pasipoti, ambamo kijana mbele ya kompyuta huondoa ukuta wenye nyufa na kuweka weupe au buluu inayotakiwa na ofisi, akitumia programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990 na ambayo hiyo alfa imo ndani yake ikimngoja. Nimeziona nyingi, na katika nyingi nywele zetu za kipilipili, ambazo ukingo wake ni maelfu ya vitanzi vidogo vyenye mwanga ndani yake, zimelainishwa kama zimepitiwa na wembe, na ukaya wa bibi umekatwa kwa mstari kama bati. Si kosa la zana, kwa kuwa zana imo. Ni haraka, na ni kutoambiwa.

Basi nawaambia vijana wa kazi hii, kwa heshima ya mikono yao: msimamisheni mteja mbali na ukuta, hatua mbili au tatu, ili rangi ya ukuta isimrukie; mkijua kuwa mandhari mpya ni nyeupe, msimpige picha mbele ya giza; msiifute picha ya asili, bali fichieni kwa barakoa iwezayo kurekebishwa; mkifika katika nywele, wekeni kando kalamu kali, mchore utepe wa shaka na kuiachia mashine ikadirie humo, kisha mwondoe rangi ya ukuta iliyobaki katika ncha, na kabla ya kumkabidhi mteja picha yake, iwekeni mbele ya mandhari nyeupe, kisha mbele ya nyeusi, mkaitazame pande zote mbili. Kufanya hivyo hakuzidi dakika 5, na mteja huyo ataitumia picha ile kwa miaka 10.